Spotilaiti kwenye gari la spoti la zamani: anza na umeme, bampa baadaye

Weka drili kando kwanza. Najua taa zimeshafika, ziko mezani, kromu inang'aa na mikono inakuwasha. Lakini taa mbili za ziada kwenye gari la mwaka 1965 ni mzigo mpya juu ya mfumo wa umeme uliopigiwa hesabu ya taa chache tu. Ukianza na matundu, utaishia na taa nzuri zinazotoa mwanga wa njano kama mshumaa, au utasikia harufu ya plastiki inayoungua chini ya dashibodi. Ukianza na umeme, kufunga kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja.

Ninayoyaandika hapa niliyafanya kwenye MGB, gari dogo la spoti la Uingereza, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko. Triumph, Austin-Healey na Jaguar za zama hizo zina nyaya na swichi za ukoo uleule wa Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari. Magari ya Ujerumani yana desturi zao, na kuna moja nitaitaja mbele kwa sababu inaweza kukuunguzia gari.

Taa ya aina gani?

Watu huita zote "spoti", lakini ni taa mbili tofauti kabisa. Spotilaiti inatupa mwanga mwembamba, mrefu, ulionyooka. Kazi yake ni kusaidia taa za mbele zikiwa fulu (mwanga wa mbali), basi. Taa ya ukungu inatandaza mwanga mpana, ulio chini, wenye kingo iliyokatika juu, usiinuke ukagonga ukungu na kukurudia machoni. Spotilaiti hufungwa juu kadiri bampa na grili zinavyoruhusu. Taa ya ukungu hufungwa chini. Ukizibadilisha mahali, zote mbili zitakuwa hazina faida.

Mwongozo huu ni wa spotilaiti, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba lazima izimike papo hapo ukishusha dimu (mwanga wa chini wa kupishana), bila wewe kugusa swichi nyingine. Katika nchi nyingi sheria ndiyo inayodai hivyo. Hata pasipo sheria, anayekuja mbele yako hana kosa. Wapenzi wa magari ya zamani wanakumbuka Monte Carlo Rally ya mwaka 1966: Mini tatu za Timo Mäkinen, Rauno Aaltonen na Paddy Hopkirk zilimaliza za kwanza, pili na tatu, kisha zote zikaondolewa kwa sababu ya taa. Balbu zao za mbele zilikuwa za halojeni zenye uzi mmoja, hazikuweza kushuka dimu zenyewe, na ushindi akapewa Pauli Toivonen wa Citroën. Watu wanabishana hadi leo kama ilikuwa haki, ila ubishi wenyewe ulikuwa juu ya swichi ya dimu.

Ukinunua taa za zamani zilizotumika, igeuze kila moja uitazame. Kioo cha ndani kinachoakisi mwanga kikiwa kimefifia au kina madoa ya kutu, achana nayo, hata kama kromu ya nje ni safi. Kioo kilichokufa hakirudishwi uhai na balbu kali. Angalia pia balbu inayoingia. Taa nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hutumia H1 au H3, kwa kawaida za wati 55. Usishawishike na balbu za wati 100: zinakula umeme karibu mara mbili, na soketi za ndani hazikutengenezwa kwa joto hilo. Balbu za LED zinazochomekwa mahali pa H3 zinapunguza mzigo kweli, lakini kioo cha taa kilichorwa kwa kuzingatia uzi mdogo unaowaka mahali pamoja. Ukiweka vipande vya LED vilivyokaa kando ya mahali hapo, mwanga unatawanyika, na spotilaiti inakuwa tochi. Mimi nimebaki na halojeni.

Piga hesabu ya ampea

Chukua karatasi. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, ukigawanya kwa 12 unapata ampea 9.2. Sasa orodhesha vingine vyote vinavyowaka usiku wa mvua. Taa za mbele zikiwa fulu, wati 60 kila moja, ni ampea 10. Taa ndogo za mbele, za nyuma, za namba na za dashibodi ni kama 3. Koili ya kuwashia hula 3 hadi 4. Waipa, weka 3. Bila feni ya joto umeshafika karibu 20, na ukiongeza spotilaiti unagusa 29.

Upande wa pili wa karatasi andika kile gari linachozalisha. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye MGB za mwanzo na ndugu zake wengi, inatoa ampea 22 ikiwa katika hali nzuri na injini ikizunguka vya kutosha. Injini ikiwa sailensa kwenye taa za barabarani, haitoi kitu. Kwa hiyo una upungufu wa ampea 7, na betri ndiyo inayolipa.

Je, hilo linakukataza? Inategemea unaendeshaje. Ampea 7 kwa dakika kumi ni kidogo zaidi ya ampea-saa moja, betri yenye afya haitaona. Lakini saa mbili za barabara ya giza usiku wa mvua ni jambo lingine, na utaligundua asubuhi unapozungusha ufunguo. Mwenye dainamo ana njia mbili za heshima: balbu za wati 35, au kubadili aweke alteneta. MGB zenyewe zilibadilishiwa kiwandani mwishoni mwa mwaka 1967. Alteneta ya Lucas 16ACR inatoa ampea 34, na hapo hesabu yetu ya 29 inakaa, ingawa haibaki nafasi kubwa ya kuongeza mambo mengine.

Ethi iko upande gani?

Swali hili ni la dakika moja, lakini usiliruke. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yana ethi chanya: ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na waya wa moto ni hasi. Fungua ulipo ubao wa betri utazame kwa macho yako. Kwenye MGB ni nyuma ya viti, na zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina betri mbili za volti 6 zilizounganishwa mfululizo. Usiamini kitabu cha gari pekee, maana katika miaka hamsini mtu anaweza kuwa ameshaligeuza.

Balbu ya halojeni haijali upande. Rilei ya kawaida, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, nayo haijali. Rilei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inajali, na chochote cha LED kinajali sana. Katika maelezo yanayofuata nikisema "moto" maana yake ni ule upande usiofungwa kwenye bodi, uwe chanya au hasi. Na kabla ya kugusa waya wowote, ondoa kwanza kebo ya betri inayokwenda kwenye bodi. Ukianza na ile nyingine, spana ikigusa chuma utaona cheche ambayo hutaisahau.

Rangi za nyaya ni mtego mwingine. Kwa Lucas, kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, usio na fyuzi. Buluu yenye mstari mweupe ni fulu, buluu yenye mstari mwekundu ni dimu, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ethi. Kwa Mjerumani, kahawia ni ethi! Fulu kwake ni nyeupe, dimu ni njano, na nyekundu ndiyo moto wa moja kwa moja. Fundi aliyezoea Porsche akiingia kwenye MG na kuifunga kahawia kwenye bodi atawasha moto halisi. Kabla ya kukata, pima kwa multimita, kila waya, hata ule unaouamini.

Wapi pa kuziweka

Kata vipande viwili vya kadibodi vya mviringo, upana uleule wa taa zako. Inchi 7 ni karibu sentimita 18, na zile ndogo za inchi 5¾ ni kama sentimita 14.5. Vibandike kwa tepu ya karatasi mbele ya grili, rudi nyuma hatua kumi, utazame. Sogeza. Rudi tena. Nilidhani nataka taa zikae mbali mbali, karibu na taa kubwa. Kadibodi ikaniambia gari linaonekana kama lina mashavu. Nikazisogeza ndani kiasi cha upana wa kiganja, na sura ikatulia.

Wakati unafurahia sura, angalia mambo matatu ya kazi. Taa isifunike indiketa. Isizibe njia ya hewa kwenda radieta, au kipoza oili kama gari lako linacho. Taa mbili kubwa katikati ya grili ndogo zinaweza kupandisha sindano ya joto siku ya foleni. Na boneti ifunguke bila kugonga chochote. Hilo la mwisho linaonekana la kitoto mpaka uligundue baada ya kukaza kila kitu.

Sasa drili. Mara nyingi huihitaji hata kidogo. Bampa za kromu za magari haya zimeshikwa na bolti kubwa zinazopita kwenye vyuma vya nyuma, na bano la taa linaweza kukaa kwenye bolti zilezile ukinunua ndefu kidogo. Njia nyingine ni mwamba wa beji, ile fimbo ya kromu inayovuka mbele ya grili; chagua mnene, kwa sababu mwembamba hutetemeka. Tundu ulilotoboa kwenye bampa ya asili halizibiki, na bampa mpya zinazouzwa siku hizi mara nyingi hazikai sawa kama za kiwandani.

Mtetemo ndio adui wa taa hizi. Bano liwe la chuma cha milimita 3 au zaidi, na fupi iwezekanavyo. Ukishafunga, ipige taa kwa kiganja upande wa juu. Ikirudi kimya mara moja, sawa. Ikicheza-cheza kama jino bovu, uzi wa balbu utakatika mapema, na mwanga utakuwa unarukaruka barabarani hadi uchoke macho. Dawa yake ni kifimbo chembamba kutoka juu ya taa kwenda kwenye grili au bodi, kama walivyofanya wa mashindano. Tumia nati zenye plastiki ndani zisizolegea.

Zitazame pia zimekaa wima. Maandishi ya lenzi yasomeke, mistari ya kioo isimame ilivyokusudiwa, na kitundu cha kutolea maji kiwe chini. Kuna taa zilizokusudiwa kusimama juu ya bampa na nyingine kuning'inia. Ukiipindua bila kugeuza lenzi, kitundu kinakuwa juu na mvua ya kwanza inageuza taa kuwa bilauri.

Nyaya

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbia. Kishawishi ni kuchomoa moto wa fulu nyuma ya taa ya mbele na kuunganisha spotilaiti hapohapo. Zitawaka. Lakini ampea 9 za ziada zitakuwa zinapita kwenye swichi ya dashibodi, kisha kwenye swichi ya dimu (katika magari mengi ya zama hizo iko sakafuni, unaikanyaga kwa mguu wa kushoto, na imekula matope tangu siku ya kwanza), kisha kwenye waya mwembamba wenye umri kuliko wewe. Zaidi ya hayo, magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yalitoka kiwandani bila fyuzi kwenye taa za mbele. Hakuna kitakachokatika kabla ya waya wenyewe.

Tumia rilei. Fikiria kama bawabu: umeme mdogo unampa ishara, naye anafungua mlango kwa umeme mkubwa. Koili yake hula kama ampea 0.15 tu, kwa hiyo swichi ya zamani haitahisi kitu. Rilei za kisasa zina miguu yenye namba, na mpangilio ni huu:

Mguu wa 30 unapokea moto mkubwa kutoka betri, kupitia fyuzi.
Mguu wa 87 unapeleka moto huo kwenye taa.
Mguu wa 86 unapokea ishara kutoka waya wa fulu, kupitia swichi yako ya dashibodi.
Mguu wa 85 unakwenda ethi.

Ukipendelea rilei ya zamani ya Lucas 6RA kwa ajili ya sura, C1 na C2 ndiyo njia ya umeme mkubwa, W1 na W2 ni koili.

Jihadhari na mguu wa katikati kwenye rilei za miguu mitano. Ukiandikwa 87, ni pacha wa ule mwingine, mzuri sana kwa taa ya pili. Ukiandikwa 87a, ni kinyume: una moto rilei ikiwa imelala. Mimi niliufunga wa 87a usiku nikiwa nimechoka. Nilipoirudisha kebo ya betri taa zikawaka zenyewe, gari likiwa limezimwa. Nikawasha fulu, zikazimika. Nilikaa juu ya ndoo nikizitazama muda mrefu kabla sijaivaa miwani na kusoma ile herufi ndogo.

Chota moto mkubwa mahali penye kebo nene. Kwenye MGB betri ziko nyuma, lakini kebo yake nene inakuja mbele hadi kwenye solenoidi ya staata, na hapo ndipo nyaya za kahawia zinapokutana. Funga waya wako hapo kwa terminali ya duara. Fyuzi ya ampea 15 iwe karibu na hapo, ndani ya shubiri moja. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya unaofuata, kwa hiyo kipande kilicho kabla yake hakina mlinzi. Tumia kishikio cha fyuzi za kisasa za bledi chenye kifuniko. Fyuzi za kioo za Lucas zinachanganya: ile iliyoandikwa 35 inakatika kwenye 35, lakini inabeba 17 tu kwa mfululizo. Mtu akiweka ya 35 akidhani ndiyo kiwango cha kazi, ameacha waya wake bila ulinzi.

Waya uwe wa milimita mraba 2 au zaidi, wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Kutoka rilei, peleka waya mmoja kwa kila taa badala ya mmoja unaogawanyika. Upotevu unapungua, na taa moja ikiharibika unajua pa kuanzia. Rilei yenyewe ifungwe ukutani mwa chumba cha injini, miguu ikitazama chini ili maji yatiririke.

Waya wa ishara ni rahisi, ni mwembamba tu. Utafute buluu-nyeupe kwenye viunganishi vyenye umbo la risasi ya bunduki nyuma ya grili, pale waya mkuu wa mbele unapojigawa kulia na kushoto. Badilisha kile kiunganishi cha njia mbili uweke cha njia nne, na waya wako unaingia bila kukata kitu. Zile klipu za plastiki zinazong'ata waya usizitumie kabisa. Zinakata nyuzi nusu na kuingiza maji. Kutoka hapo waya unakwenda kwenye swichi ya dashibodi, kisha unarudi kwenye 86. Kwa kuwa ishara inatoka kwenye fulu, ukishusha dimu ishara inakufa na taa zinazimika, swichi ya dashibodi ikiwa imewashwa au la. Ndiyo ile kanuni ya kwanza, imeshafungwa ndani ya nyaya.

Utakapomenya waya wa zamani, utazame rangi ya shaba. Mara nyingi utakuta nyeusi, kavu, inavunjika vumbi kidoleni. Usiifunge hivyo. Kata sentimita moja, menya tena. Bado nyeusi? Kata nyingine. Siku moja nilikata karibu shubiri nzima kabla sijaikuta shaba inayong'aa kama sarafu mpya, nikalazimika kuunga kipande. Ingiza nyuzi zote ndani ya terminali, hata moja isibaki nje, bana kwa koleo la kubania lenye meno ya saizi hiyo, kisha uvute kwa nguvu zote za vidole. Ikichomoka, ingechomoka barabarani. Maliza na mrija unaosinyaa kwa joto.

Popote waya unapopita kwenye chuma, weka mpira wa tundu. Ukingo wa chuma cha bodi ni kisu chenye subira. Funga nyaya kwenye waya mkuu kwa tepu ya kitambaa kila baada ya upana wa kiganja, mbali na manifoldi ya ekzosi, na acha ulegevu kidogo karibu na taa ili uweze kuigeuza unapolenga.

Ethi imebaki, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Taa nyingi za zamani zinategemea bano lake kuwa ethi: umeme upite kwenye bolti, bampa, vyuma vya bampa, rangi, kutu, hadi bodi. Usitegemee njia hiyo. Vuta waya mweusi wa unene uleule kutoka kila taa hadi sehemu moja ya bodi. Kwangua rangi mpaka chuma cheupe, tumia washa yenye meno, kaza, kisha paka vaselini juu.

Washa, kisha pima

Rudisha kebo ya betri. Ukiona cheche kubwa, simama utafute. Kisha jaribu kwa mpangilio: fulu bila swichi ya dashibodi, giza. Fulu na swichi, zinawaka. Dimu, zinazimika. Zima kila kitu, hakuna kinachobaki kinawaka.

Usitosheke na kuona zinawaka. Washa injini, ipandishe hadi kama mizunguko 2,000 kwa dakika, spotilaiti zikiwa zinawaka. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye upande wa moto wa betri, nyingine kwenye terminali ya moto ya taa. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani. Chini ya 0.5 ni nzuri. Kisha ncha moja kwenye upande wa ethi wa taa, nyingine kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Iwe chini ya 0.2.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu mwanga wa balbu hauporomoki sambamba na volti, unaporomoka haraka zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4. Punguza volti kwa asilimia 10 na umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Ndiyo maana mtu ananunua balbu ghali, kisha ghali zaidi, wakati mwanga wake umekwama kwenye bolti moja yenye kutu. Ukiwa na multimita mkononi, pima na taa zako za mbele za kawaida. Wengi hushtuka, na mwezi unaofuata wanazifungia rilei zake.

Shika fyuzi na rilei baada ya dakika kumi. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma, kuna kiungo kibovu. Na unapoingiza balbu ya halojeni usiishike kioo kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yanafanya sehemu moja ipate joto kupita nyingine na balbu inapasuka. Ukishaigusa, ifute kwa spiriti.

Kulenga

Tafuta ukuta na ardhi iliyo tambarare, gari liwe mita 10 kutoka ukutani. Tairi ziwe na upepo sahihi, tangi nusu, na mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva. Gari jepesi kama hili linalala kwa mtu mmoja tu. Pima kimo cha katikati ya kila taa kutoka chini, uweke alama ya tepu ukutani kwa kimo hicho, kwa upana uleule uliopo kati ya taa. Kisha weka alama nyingine sentimita 5 chini yake.

Funika taa moja kwa kitambaa kizito kwa muda mfupi tu, maana joto lake linaunguza, kisha uisogeze ile nyingine mpaka kiini cha mwanga kikae kwenye alama ya chini, moja kwa moja mbele yake. Rudia upande wa pili. Mteremko huo mdogo una maana yake: taa iliyo sentimita 60 kutoka chini, ikishuka sentimita 5 kila mita 10, kiini chake kinagusa barabara mita 120 mbele. Ukiinua zaidi, unamulika miti. Ukishusha zaidi, unatengeneza dimbwi la mwanga mbele ya bampa, jicho lako linalizoea, na kilicho mbali kinazidi kuwa giza.

Kaza nati, utazame ukutani tena, kwa sababu kukaza huisogeza taa. Itakubidi urudie mara mbili au tatu. Halafu nenda kwenye barabara tupu usiku, urekebishe kwa macho.

Kama umenunua vifuniko vya plastiki vya kulinda lenzi mchana, vivue kabla ya kuwasha, vinayeyuka. Baada ya kilomita 100 za kwanza pitia bolti zote kwa spana, na ile ya ethi iwe ya kwanza. Mchoro wa nyaya uuchore kwa mkono siku hiyohiyo, rangi zikiwa zimeandikwa, na uukunje ndani ya boksi la dashibodi pamoja na fyuzi mbili za akiba.